Lita Kumi za Akina Baba

Alhamisi. Tangu asubuhi kuna manyunyu, yale ya kwetu yanayokulowesha huku ukijidanganya kwamba mvua bado haijaanza. Mlima hauonekani kabisa. Mgongo unaniuma, magoti yananiuma, na nina furaha ya mtoto aliyeona jina lake ubaoni.

Dkt. Zainabu amesaini.

Naandika tena ili nijisomee mwenyewe: amesaini. Sura ya nne, matokeo, pamoja na majedwali yake yote, na sahihi ya wino wa bluu pale chini. Mama Upendo, mke wangu, amenikataza kumpigia simu mtu wa tano, kwa hiyo sasa ni zamu yako, shajara, na ya wasomaji wangu kumi na wawili, ambao nadhani tisa ni ndugu.

Kwa mgeni anayepita hapa kwa mara ya kwanza: mimi ni mwalimu wa Jiografia, miaka hamsini na mbili, mkazi wa Shirimatunda, hapa Moshi. Nimefundisha kwa stashahada tangu enzi nina nywele. Miaka mitatu iliyopita nikaamua kwenda chuo kutafuta shahada, uamuzi ambao mke wangu aliuita homa na kusema utapita. Haukupita. Darasani nakaa na vijana wanaoniita Mshua, na wanapenda kukaa karibu yangu kwa sababu mimi ndiye pekee ninayekuja na kalamu ya akiba.

Mwaka wa mwisho kila mwanafunzi anafanya utafiti wake. Wenzangu wengi walichagua mambo ya mitandao ya kijamii, maana dodoso linajazwa kwenye simu na mtafiti amekaa kivulini na soda. Mimi nikachagua maziwa.

Nilitaka kujua jambo dogo tu: katika kijiji kimoja huko juu kwenye mteremko, kaya inapata maziwa kiasi gani kwa siku, na kati ya hayo ni kiasi gani kinabaki nyumbani. Kijiji chenyewe sikitaji. Nimeahidi kwa maandishi kutunza siri za watu wale, na baadaye utaona kwa nini nimeing'ang'ania ahadi hiyo. Kaya zilikuwa sitini. Kila kaya niliipa namba, na tangu hapo haina jina tena, wala kwangu wala kwako.

Sasa naanza kuungama.

Mara ya kwanza nilikwenda mchana, na dodoso langu lilisema nimhoji mkuu wa kaya. Mkuu wa kaya unamjua: ni yule aliyekaa kwenye kiti chenye mikono. Nikawahoji akina baba. Na nilifurahia, sitaficha. Nilikaribishwa, nikaketishwa, nikaletewa kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi, tukazungumzia kahawa, tukazungumzia watoto walioko Dar wasiopiga simu, na mwisho kabisa, kama mtu anayeulizia hali ya hewa, nikawa natoa karatasi.

"Ng'ombe wako anatoa lita ngapi kwa siku, mzee?"

Mzee atatazama migomba yake. Atavuta pumzi. "Andika kumi."

Wa jirani, aliyesikia kumi ikipita juu ya ua: "Wa kwangu... andika kumi na mbili."

Mmoja alikuwa muungwana kuliko wote. Aliniambia, "Mwalimu, andika kama ya jirani, tusije tukagombana." Nikaandika.

Kaya ya kumi na moja na ya kumi na mbili mwandiko wangu umelala kidogo upande mmoja. Ni ile mbege. Lakini nilimaliza kaya zote sitini kwa wiki mbili, nikashuka na bahasha yangu kifua mbele. Nilijiona mtafiti. Nilinunua hadi mkoba wa ngozi.

Dkt. Zainabu ndiye msimamizi wangu. Niseme pia kwamba nilimfundisha Jiografia akiwa kidato cha pili. Ni mtoto wa mjini hapa hapa Moshi, baba yake alikuwa fundi cherehani karibu na soko, na alikuwa anakaa dawati la mbele akiuliza maswali ambayo mimi sikuwa na majibu yake. Hajabadilika. Kila ninapoingia ofisini kwake anasimama, "Shikamoo mwalimu," ananivutia kiti, halafu ananikaanga taratibu kwa adabu zote.

Siku ile aliigeuza kompyuta yake nitazame. Alikuwa amezichora namba zangu kwenye grafu. Kulikuwa na nguzo mbili ndefu, moja kwenye tano na moja kwenye kumi, na katikati yake uwanja karibu mtupu ambao ungeweza kuchezea mpira.

"Mwalimu," akasema, "ng'ombe hawahesabu kwa tano tano."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Naomba nikuulize na usikasirike. Umezipika?"

Ambaye hajapita chuoni hajui uzito wa neno hilo. Kupika data ni kukaa nyumbani kwako, ukajaza madodoso sitini kwa kichwa chako mwenyewe, na kupeleka kazi. Wapo waliofanya. Wapo waliofukuzwa. Nimewachapa watoto wa watu kwa kunakili ramani ya Afrika, na sasa mmoja wao, mwenye udaktari wake, ananiuliza kama mimi ni mwizi.

"Nimepanda mlima kwa miguu yangu," nilimwambia.

"Nakuamini. Lakini mimi nikisaini hizi, jopo litakuuliza swali hili hili, na wao hawataanza na shikamoo." Akafunga kompyuta. "Una wiki tano. Ukishindwa, ni mwakani. Na mwakani watakuangalia kwa jicho lile lile."

Nilitembea kutoka pale hadi nyumbani. Sikutaka bodaboda anisalimie.

Mama Upendo alikuwa anapepeta maharage. Nikamsimulia kwa hasira: sitini nzima, wiki mbili, mvua, mbwa wawili, na msichana niliyemfundisha latitudo ananiambia nimepika. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kuacha kupepeta. Kisha akauliza kwa upole mno, upole ambao baada ya miaka ishirini na saba ya ndoa ningepaswa kuuogopa:

"Baba Upendo, ng'ombe wetu anatoa lita ngapi?"

"Kumi," nikasema.

Lilitoka lenyewe.

Aliweka ungo chini, maana maharage yangemwagika. "Kumi! Huyo ni ng'ombe au bomba?" Alicheka mpaka akajifuta macho kwa kanga. Nikamwambia basi aseme yeye, na akasema bila hata kufikiri: asubuhi kopo tatu kasoro vidole viwili, jioni kopo mbili, akila majani makavu, jioni ni moja na nusu, na siku ambayo Upendo alisahau kumpa maji, hakutoa kitu mpaka kesho yake.

"Na kopo ni lita ngapi?"

"Kopo ni kopo."

Nilichukua kopo lake, nikalijaza maji, nikayapima kwa chupa ya lita. Ng'ombe ninayelala naye ua mmoja kwa miaka minne anatoa lita sita, na siku nzuri sita na kidogo. Mimi, mtafiti wa maziwa, nilikuwa sijui.

Siyo kwamba wale wazee walinidanganya kwa ubaya. Kwetu huku kahawa ni ya baba, maziwa ni ya mama, na mwanaume mwenye adabu zake hachunguzi maziwa, kama asivyofunua sufuria jikoni kuona kilichomo. Anakunywa anachopewa. Ukimuuliza lita, atakutajia namba nzuri, yenye heshima, ya kukaa nayo mbele ya mgeni. Na mimi, mwanaume mwenzao, nilikaa kwenye kiti changu nikaona ni sawa kabisa, kwa sababu na mimi nyumbani kwangu natembea na kumi yangu mfukoni. Mtu aliyetoka Ulaya angegundua siku ya kwanza. Ilihitaji Mchaga kukosea hivi.

Nikarudi mlimani.

Safari hii nilikwenda alfajiri, wakati wa kukamua, na mkononi nilikuwa na silinda ya kupimia niliyoazima maabara ya shule kwa kusaini madaftari mawili. Nilitaka kwanza nipime maziwa yenyewe. Akina mama walinikatalia, na mmoja alinipa sababu: maziwa hayapimwi mbele ya jicho la mgeni, ng'ombe anaweza kukataa. Sikubishana. Mke wangu ndiye aliyeniambia, "Si upime kopo? Kopo halina aibu."

Basi nikapima makopo. Kila mama alileta chombo chake anachokamulia au kupimia, tukakijaza maji, nikayamimina kwenye silinda, nikaandika. Sitaki kujisifu lakini nitajisifu: kaya sitini, vyombo sitini, havikufanana hata viwili. Makopo ya majarini yaliyobonyea. Majagi yaliyokatika mpini. Kikombe cha bati ambacho mama mmoja alikipokea kwa mama mkwe wake pamoja na ng'ombe, na sidhani kama alipewa kingine zaidi. Kisha kila mama nikamwachia karatasi na penseli iliyofungwa kwa uzi wa mgomba: achore mstari kwa kila kopo, asubuhi na jioni, kwa siku saba. Safu moja ya yaliyokamuliwa. Moja ya yaliyokwenda kwenye kituo cha maziwa. Moja ya yaliyobaki nyumbani. Na moja ndogo pembeni, ambayo niliiongeza kwa kujazia nafasi tu, ya yaliyopewa jirani.

Walinicheka, walinicheka sana. "Leo Mungu ametuletea mwanaume wa kushika kopo!" Mmoja akamwita mwenzake ng'ambo ya mfereji aje aone kabla sijaondoka. Mwingine alinibana vizuri zaidi:

"Mwalimu, mume wangu alikuambia ngapi?"

"Mama, hiyo ni siri ya kaya."

"Siri gani, na mimi ndiye kaya?"

Nikainama kwenye karatasi zangu kutafuta jibu. Kwenye vitabu vyangu vya utafiti pia halimo.

Na mistari yao, shajara! Ningekuonyesha kama isingekuwa siri. Kopo tatu na nusu. Kopo mbili na robo. "Hapa ndama aliwahi," mmoja ameandika pembeni, kwa mwandiko wa mtu aliyeishia darasa la nne, na maelezo yake ni safi kuliko ya nusu ya darasa letu. Nilipozigeuza kuwa lita na kuzichora, zile nguzo mbili zilianguka. Badala yake ukaja mlima mdogo, wenye mabonde na vichuguu, wenye sura mbaya, na mimi nilikaa mbele yake nikiutazama kama mtu anavyotazama mjukuu. Hakuna mpishi ambaye angepika kitu kibaya hivyo.

Nikaweka safu mbili sambamba: alichosema baba, alichopima mama. Nikatoa moja kwa nyingine.

Halafu nikafika kaya namba ishirini na saba.

Nitaandika kidogo, na ninaandika kwa ruhusa. Ni nyumba ya wazee wawili. Meku, ndivyo tunavyomwita mzee kwetu, alianguka akavunjika nyonga na tangu hapo yuko kitandani. Mara ya kwanza nilimhoji chumbani kwake. Alinishika mkono akanisimulia habari ya ng'ombe wake kwa nusu saa nzima: alivyomlea tangu ndama, alivyomzalisha peke yake siku ya mvua, anavyomjua kwa mlio. "Andika nane," alisema. "Wengine watakuambia kumi. Mimi sisemi uongo. Nane." Bibi, mke wake, alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha maziwa. Nilipomtazama alisema tu, "Andika anachosema." Nikadhani ni heshima ya mke kwa mume. Nikaandika nane.

Safari ya pili Bibi alinipa kopo lake nikalipima, lakini karatasi yake ilirudi tupu, nikapanda tena kumuuliza. Alinichukua nyuma ya nyumba, akanionyesha banda. Lilikuwa limefagiliwa. Hori lilikuwa kavu. Hakukuwa na ng'ombe.

Alikufa wakati wa masika, alivimba tumbo usiku akaamkia chini. Siku hizo Meku mwenyewe alikuwa hoi, hakuna aliyejua kama atafika Jumapili. Bibi akaona amwambie akipata nafuu. Nafuu ikaja kidogo kidogo, na kila siku ikawa bado haitoshi.

"Lakini anakunywa maziwa," nilimwambia. "Nilimwona."

"Anakunywa."

"Na mlio?"

"Ng'ombe wa jirani analia hapo hapo. Migomba haina ukuta."

Nikamuuliza maziwa yanatoka wapi. Akanitazama kama ninavyomtazama mwanafunzi asiyejua Moshi iko mkoa gani. "Wewe si ndiye mwenye karatasi?" akasema. "Zisome."

Halafu akaniambia niandike kwenye karatasi yake kilichopo, yaani sifuri, maana yeye naye hasemi uongo; ila nisiandike jina. Nilipomuuliza kama naweza kulisimulia jambo hili kwa wengine, alifikiri kidogo. "Simulia. Meku hasomi mambo ya simu."

Kabla sijaondoka niliingia kumsalimia. Nilisema shikamoo, akaitikia, akauliza, "Mwalimu, uliandika nane?"

"Niliandika, Meku."

Ndiyo, niliandika. Ipo mpaka leo, safu ya akina baba, mstari wa ishirini na saba. Nimejiuliza mara nyingi kama jibu lile lilikuwa kweli au uongo, na kila mara nafika mahali pale pale: lilikuwa kweli, na nililionea aibu hata hivyo.

Nyumbani nilizisoma zile karatasi. Nilikuwa nimezisoma kabla, lakini kama mwanaume anavyosoma, jumla tu, chini kabisa. Safari hii nilitazama ile safu ndogo ya pembeni, ya yaliyopewa jirani, niliyoiweka kwa kujazia nafasi. Kaya saba zinazoizunguka ishirini na saba, kila moja ilikuwa na mstari mmoja tu kwa wiki nzima, kopo moja, asubuhi. Moja Jumatatu. Nyingine Jumanne. Nyingine Jumatano. Nilipozipanga moja chini ya nyingine, ile mistari ilishuka kama ngazi, kutoka pembe hii ya jedwali hadi pembe ile, bila kuruka siku hata moja.

Hakuna mama hata mmoja kati ya wale saba aliyeniambia neno. Waliandika tu, kwa sababu niliwaomba waandike kila kopo.

Basi leo.

Dkt. Zainabu alisimama, shikamoo mwalimu, kiti, yote. Alipitia kazi ukurasa kwa ukurasa na sikumwona akikunja uso. Kwenye jedwali la vyombo alitabasamu. Kwenye ile grafu mbaya akasema, "Hawa sasa ni ng'ombe." Akasema hii tofauti ya baba na mama ndiyo iwe kichwa cha utafiti wenyewe, siyo lita. Nilikuwa nusu nimesimama kuondoka.

"Ila hii ya ishirini na saba uitoe."

Nikakaa.

Alinionyesha. Baba nane, mama sifuri. Tofauti ni nane, kubwa kuliko zote, na nukta yake iko peke yake huko pembeni, imeuvuta mstari wa grafu mpaka umepinda. "Ni kosa la kuingiza namba, au mama hakuelewa karatasi. Ukiitoa, mstari unanyooka na jopo halina swali. Ni kaya moja kati ya sitini, mwalimu. Hakuna atakayekulaumu."

Nikuambie ukweli, shajara. Nilikuwa nimechoka. Sahihi ilikuwa umbali wa kalamu moja, kaya moja kati ya sitini, na nukta ile ikiondoka mimi nina shahada. Na kama sifuri ingeondoka, siri ya Bibi ingekuwa salama zaidi, nilijiambia, ona nilivyo mwema. Kichwa changu kilipika sababu nzuri tatu kwa sekunde moja. Kumbe kupika ndiko huku, nilikuwa sijawahi kujua kunavyonukia vizuri.

"Hiyo haitoki," nikasema.

"Mwalimu..."

"Nimesimama kwenye banda lake. Ni sifuri. Naomba nikuonyeshe."

Nilizunguka meza yake bila kuomba ruhusa, nikashika kile kidude cha kompyuta, ambacho kwa kawaida hunishinda, na nikazipanga zile kaya saba moja chini ya nyingine. Ile ngazi ikatokea. Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Nikamwambia: kila kopo lililotoka kwa hawa saba limeandikwa na aliyelitoa, bila kujua mwenzake ameandika nini. Kaya ishirini na saba haina ng'ombe lakini ina maziwa kila siku, na kila tone linajulikana limetoka wapi. Sifuri hii ina mashahidi saba. Ile kumi ya kwanza haikuwa na hata mmoja.

Alihesabu kwa kidole kwenye kioo, siku moja moja. Alifika Jumapili. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, ile ya kidato cha pili:

"Na baba wa nane? Anajua?"

"Hiyo haimo kwenye dodoso langu."

Alinitazama. Akafungua kalamu.

Akaandika pembeni ya jedwali, kwa mkono: *Kaya 27 ibaki. Eleza safu ya jirani.* Na chini akasaini. Niliponyanyuka akasema, "Mwalimu, unakumbuka ulinichapa kwa kuchora mto Pangani ukipanda mlima?" Nikamwambia nakumbuka, na kwamba naomba radhi kwa fimbo lakini siyo kwa mto.

Najivuna. Niache nijivune leo, nitarudi kwenye unyenyekevu Jumatatu. Najivunia kazi yenye mstari uliopinda. Zaidi najivunia akina mama sitini ambao hakuna aliyewahi kuwauliza, na walipoulizwa wakajibu hadi kopo la kumpa jirani. Majina yao hayatakuwa kwenye jalada. Langu ndilo litakuwepo, na herufi kubwa, na mkoba wa ngozi.

Imebaki kazi moja. Taratibu za chuo zinataka nirudishe matokeo kwa watu walionipa. Mkutano wa kijiji ni wiki ijayo, nitasimama pale na grafu yangu isiyo na jina la mtu. Lakini Meku hawezi kuja mkutanoni, na ametuma neno kupitia kwa Bibi: anataka mwalimu apande kesho asubuhi, amsomee yeye peke yake, kitandani.

Nitamsomea nini?

Nimelifikiria hilo jioni nzima na nadhani nimepata. Nitamsomea safu ya akina baba. Nitamwambia kwamba wengi walisema kumi na kwamba haikuwa kumi, na atacheka, maana alinionya. Nitamwambia nane yake ipo, mahali pake, haijafutwa. Mengine ni ya Bibi kuyasema, siku atakayoona nafuu inatosha. Kisha Bibi ataleta kikombe, Meku atanihimiza ninywe maziwa ya ng'ombe wake, na nitakunywa, na sitauliza yametoka wapi.

Kesho ni Ijumaa. Ijumaa ni kaya namba thelathini na moja.